Ndege za Ngerengere katika Kioo cha Kompyuta

Mtu akaaye Segerea, kwa kuwa nyumba yake haiko mbali na kiwanja kikuu cha ndege cha Dar es Salaam, wala na Ukonga iliko kambi ya wanajeshi wa anga, hana haja ya kuinua macho ili ajue ni ndege gani ipitayo, maana masikio yake yamekwisha kufunzwa na miaka: ile ya abiria hutangulizwa na mvumo wake, ilhali ya vita, ipitapo chini siku za sikukuu za taifa, huwa imekwisha kuyavuka mapaa ndipo kishindo chake kikatufikia. Si ajabu basi ikiwa kijana wa mtaa huo, apatapo kompyuta na wasaa, atatamani kuiunda ndege hiyo na kuirusha katika mashine ya kuigiza urubani, ambayo vijana huiita simuleta. Lakini aunde ndege ipi? Swali hilo, lionekanalo jepesi, halijibiki bila taarikh.

Sanaa ya kuigiza urubani ni kongwe kuliko wadhanivyo wengi. Edwin Link, Mmarekani wa mji wa Binghamton ambaye jamaa zake walikuwa watengenezaji wa vinanda, ndiye aliyechukua mifuko ya hewa ya vinanda hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1920, akaitia chini ya kijisanduku chenye mabawa mafupi, kikawa kikiinama na kuinuka kwa amri ya mwanafunzi aliyeketi ndani. Na katika Vita Kuu ya Pili marubani kwa maelfu walijifunzia humo. Ilipofika 1980 Bruce Artwick alikuwa amekwisha kuutia urubani katika kompyuta ya Apple II, na 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa toleo lake. Leo FlightGear, itolewayo bure, humruhusu yeyote kuongeza ndege aliyoiunda mwenyewe, na Blender, programu ya kuchongea maumbo, nayo haina bei.

Ndege halisi za kwetu zilikuja kwa njia ya mzunguko. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, na kuundwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, mwezi Septemba mwaka huo huo, Wajerumani wa Magharibi walianza kutusaidia upande wa anga, wakaondoka 1965 kwa kuchukizwa na ubalozi mdogo ambao Ujerumani ya Mashariki iliruhusiwa kuufungua Dar es Salaam. Wakafuata Wakanada na ndege zao za uchukuzi, Otter na Caribou, hadi 1970. Ndege za vita zilikuja na Wachina, waliojenga kambi ya Ngerengere, mkoani Morogoro, katika miaka ile ile ambayo reli ya TAZARA ilikuwa ikitandikwa. Reli imeandikwa sana. Ngerengere aghalabu hutajwa kwa kupita tu, na jambo hilo linaeleweka, maana siri za jeshi si habari za gazetini.

Miongoni mwa ndege hizo ilikuwamo J-5, nayo ina nasaba ndefu. Serikali ya Uingereza, katika mwaka 1946, ilikubali kuwauzia Warusi injini za Rolls-Royce Nene; Warusi wakazinakili, wakazikuza hadi zikawa VK-1, wakazitia katika MiG-15 na kisha katika MiG-17, iliyoruka kwanza Januari 1950; Wachina nao wakainakili MiG-17 huko Shenyang, nakala yao, ndiyo J-5, ikaruka 1956. Injini ya ukoo huo husukuma hewa kwa gurudumu moja pana, na ndiyo sababu tumbo la ndege ni nene na la mviringo, hata muundaji aanzaye na bomba jembamba huwa amekwisha kukosea kabla hajafika kwenye mabawa. Mabawa yenyewe hulala nyuma kwa nyuzi 45 karibu na kiwiliwili na 42 kuelekea nchani, na juu ya kila moja husimama vibati vitatu vya kuizuia hewa isiteleze kwenda pembeni. Vikiwa viwili, hiyo si J-5 bali ni MiG-15. Chini ya pua iko mizinga mitatu, mmoja wa milimita 37 upande wa kulia na miwili ya milimita 23 kushoto, yote imefungwa katika sinia moja la chuma ambalo mafundi huliteremsha kwa waya ili kuisafisha.

Umbo, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Pwani yetu imezoea vijahazi vya kuchezea, na hakuna aliyepata kukisifu kijahazi kwa rangi yake ilhali majini kinalalia ubavu. Kadhalika ndege ya kompyuta huhukumiwa kwa majedwali yake, yale yaelezayo, kwa kila mwinamo na kila mwendo, hewa inaiinua kwa nguvu gani na kuipinga kwa nguvu gani. MiG-17 ilikomea kiasi cha kilomita 1,145 kwa saa, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Nakala ipitayo hapo ikiwa imelala sawa angani imepewa hesabu za uongo, hata kama misumari yake imechorwa mmoja mmoja. Breki nazo zina tabia yake: ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na rubani alizikamata kwa mkono, kwa wenzo ulio kwenye usukani, huku miguu ikichagua gurudumu la kulia au la kushoto. Mwenye kuziunda kama za ndege za kisasa, za kukanyagwa, amempokonya rubani nusu ya taabu yake ya chini.

Usahihi wa maumbo haya haukuwa mchezo kwa kila mtu. Vita vya Kagera vilipozuka 1978, Uganda nayo ilikuwa na MiG za ukoo huo huo, na katika wahka wa siku za mwanzo ndege za Tanzania zilidhaniwa ni za adui, zikatunguliwa na wenzao huko Kanda ya Ziwa.

Kwa ajili hiyo sioni kuwa inatosha, kama wafanyavyo wengine, kuchukua MiG-21bis iliyokwisha kuundwa na mabingwa wa ng'ambo, inayopatikana sokoni tangu 2014, na kuipaka herufi JW ili iwe ya Tanzania. J-7, ambayo nayo ilitumika kwetu, haikutokana na hiyo bali na MiG-21F-13, ya zamani zaidi: koni ya puani ni ndogo, na mgongo ni mwembamba, ilhali ile bis imevimba nyuma ya kiti cha rubani kwa mafuta iliyoongezewa. Kwa rangi peke yake tafauti hiyo haifutiki. Itambidi kijana auchonge upya mgongo wote, kisha apunguze mafuta na uzito katika majedwali, ndipo aanze kuifikiria rangi.