Tulilala chumba kimoja na mgonjwa wa kifua. Juu ya nini mmoja anapata, mwingine hapana?



Tarehe 1/8/2018, serikali ilipotangaza Ebola huku kwetu Mabalako, neno moja liliingia katika kila nyumba: kontakti. Ukikaa karibu na mgonjwa, watu wa riposti wanakufuatilia siku 21. Kontakti wengi walimaliza siku zao bila kuugua, na mtaani watu wakaanza kuuliza: huyu yeye amepona namna gani? Iko kitu anaficha?

Mimi maneno hayo niliyasikia mbele ya Ebola. Nikiwa sekondari, kaka yangu mkubwa alikohoa miezi mingi. Tulilala chumba kimoja: yeye, mimi na mdogo wetu. Ilikuwa kifua kikuu. Mdogo naye akaugua, mimi hapana. Jirani mmoja akasema nimewauza. Leo nataka kumjibu kwa historia.

Mwaka 1882, kule Berlin, Robert Koch alionyesha kama kifua kikuu kinaletwa na kijidudu. Wengi wakafikiri hesabu ni rahisi: kijidudu kikiingia, ugonjwa unafuata. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, kukatokea msiba. Watoto wachanga karibu 250 walipewa kwa kinywa chanjo ya BCG iliyokuwa imechanganyika, kwa kosa la laboratwari, na kijidudu kikali. Zaidi ya 70 walikufa. Lakini walio wengi waliishi, hata kati ya wale waliougua. Kipimo hakikuwa sawa katika kila dozi, ni kweli. Ila ilionekana wazi kwamba mwili unaweza kupigana vita hii na kushinda.

Unashinda namna gani? Kijidudu kikifika ndani ya mapafu, chembe-walinzi zinakimeza. Kinaweza kuendelea kuishi humo ndani. Njo chembe T zinafika, zinatoa dawa ya mwili inayoitwa interferoni gama, na walinzi wanapata nguvu ya kukizungushia ukuta. Kijidudu kinabaki kifungoni, pengine maisha yote. Kati ya watu 100 walioambukizwa, ni 5 mpaka 10 tu wanaokuja kuugua.

Lakini kuna watu wengine, na hao walifuatiliwa hapa karibu, Kampala. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa Makerere na wenzao wa chuo kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walifuata nyumba zenye mgonjwa. Walitumia sindano ya Mantoux: ngozi ya mkono ikivimba, mwili unakijua kijidudu. Kontakti wengi walivimba. Karibu 1 kati ya 10 hakuvimba, hata nyuma ya miaka 2. Walipotafutwa tena miaka 8 mpaka 10 baadaye, zaidi ya 8 kati ya 10 walikuwa bado vile vile.

Hawakukutana na kijidudu? Walikutana nacho. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba damu ya watu hao iko na antibodi za kijidudu, na chembe T zinazokitambua bila kutoa interferoni gama. Walipigana kwa njia ingine, ile ambayo sindano haioni.

Sisi wa agronomia hatushangai. Robusta ilipokauka Beni, agronomu hakuuita mti uliobaki mchawi. Aliangalia mti ule, akauliza uko na nini, akatafuta mbegu. Kampala walifanya hivyo kwa watu, na njo kazi hiyo inaweza kusaidia kutengeneza chanjo bora.

Mimi sikupigwa sindano ile, kwa hiyo siwezi kusema niko kundi gani. Na kusiwe mtu wa kujivuna: njaa, VVU ama kisukari vinaweza kubomoa ukuta ule, na kijidudu kikatoka. Kama kwenu kuna mtu anayekohoa zaidi ya wiki 2, apelekwe kituo cha afya. Wote mnaolala naye mwende pia, watoto wa kwanza. Dawa ni za bure, kwa kawaida miezi 6, na hazikatwi katikati.

Kaka yangu alizimaliza. Mdogo pia. Wako wazima wote wawili, na jirani yule anawasalimia kila siku. Mimi bado ananiangalia kwa jicho la pembeni. Nitamtumia andiko hili.