Chanjo ya Mabinti Wetu: Sheria na Hiari

Katika taarifa hii ya mwaka twapenda kuwaeleza wanachama na wazee wetu wa Nakuru, Molo, Njoro, Gilgil na Naivasha habari za chanjo katika nchi yetu, maana wengi huuliza kama serikali yaweza kumlazimisha mzazi.

Zamani iliweza. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1921 iliweka masharti ya chanjo ya ndui, na hapakuwa na haja ya maneno mengi, kwa kuwa ndui ilionekana kwa macho: makovu usoni, na wengine kupofuka. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui imetoweka duniani.

Adui wa leo haonekani. Virusi vya HPV hukaa mwilini kimya, na saratani ya mlango wa kizazi huzuka baada ya miaka mingi, mama akiwa na watoto wa kulea. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 5,200 wa Kenya waliupata ugonjwa huo, na zaidi ya 3,200 walikufa.

Chanjo ya kuwakinga wasichana ilijaribiwa Kitui mwaka 2013, kisha ikaanza kutolewa nchini kote mwezi wa Oktoba 2019 kwa wenye umri wa miaka 10. Safari hii haikutungwa sheria ya kumfungia binti mlango wa shule. Mzazi aliombwa ridhaa.

Wenzetu nao wamepita njia mbalimbali. Huko Marekani, mwaka 2007, jimbo la Virginia liliitia chanjo hii katika sheria ya shule, lakini mzazi akaachiwa nafasi ya kukataa. Mwaka huo huo amri ya gavana wa Texas ilibatilishwa na bunge la jimbo. Rwanda ilianza mwaka 2011, na kwa msaada wa walimu na wahudumu wa afya vijijini iliwafikia wasichana zaidi ya 9 katika kila 10. Twaona basi kwamba kilichowaleta watoto ni imani ya wazazi kuliko ukali wa amri.

Kwetu imani hiyo ilitikiswa na uvumi kwamba sindano huharibu uzazi. Uvumi huo si kweli. Tena utafiti uliofanywa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wasichana 2,275, ukatangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba hata dozi moja hukinga vema.

Basi, wazee wetu, kwa kuwa sheria haikushika fimbo, wajibu umebaki nyumbani kwetu. Baba asimwachie mama peke yake shauri hili, wala asingoje kuitwa na mwalimu. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.