Daraja la Ini: Alama za Child-Pugh

Sirosisi ni ini lililojaa makovu. Homa ya ini aina ya B au pombe ya miaka mingi hulidhuru polepole, hata nyama laini ikawa ngumu yenye vinundu. Lakini kovu peke yake halimwambii daktari mengi. Watu wawili wana sirosisi: mmoja bado analima, mwingine hainuki kitandani. Kinachowatofautisha ni kazi ambayo ini bado linaimudu, na hiyo ndiyo inayopimwa na alama za Child-Pugh. (Child ni jina la daktari mpasuaji wa Marekani, mtoto hahusiki.)

Child na mwenzake Turcotte walitoa kipimo chao mwaka 1964, wakitaka kujua ni mgonjwa gani atahimili upasuaji wa mishipa ya ini. Mwaka 1973, Pugh na wenzake wa London wakaondoa kigezo cha lishe, wakaweka muda wa damu kuganda. Vigezo vingine vinne ni bilirubini, albumini, maji tumboni na kuvurugika kwa akili. Kila kigezo hupewa alama 1 hadi 3, na kadiri jumla inavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya: 5 hadi 6 ni A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C.

Vigezo vitatu hutoka maabara. Viwili hutegemea jicho na mkono wa daktari. Akipima akili, humwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele, viganja vikiwa vimeinuliwa kama vya trafiki anayesimamisha gari, kisha husubiri. Viganja vikipepea, ni dalili kwamba sumu ambayo ini lilipaswa kuichuja imeanza kuvuruga ubongo. Maji tumboni nayo yana ubishi wake, kwani "kidogo" ya daktari mmoja ni "mengi" ya mwingine. Kipimo kingine, MELD, kilichoanza kupanga foleni ya kupandikiza ini Marekani mwaka 2002, kilikwepa ubishi huo kwa kutumia vipimo vya damu tu. Ila kinataka kikokotoo, na Child-Pugh huhesabika kwa vidole.

Wapo wanaoziita A, B na C "hatua". Mimi naona "daraja" inafaa zaidi. Hatua za ugonjwa huelekea mbele tu, ilhali mgonjwa wa C aliyeacha pombe, au aliyeanzishiwa tenofoviri, dawa ya homa ya ini B, anaweza kurudi B. Na kwa makadirio ya mgonjwa ataishi muda gani, badala ya "ubashiri", unaonuka ramli, afadhali "matarajio". Kwa hesabu za zamani, baada ya mwaka mmoja karibu wagonjwa wote wa A huwa hai, takriban 80 kati ya 100 wa B, na 45 wa C. Hizo ni hesabu za kundi. Hazisemi nani yumo katika hao 45.

Tena kutapika damu hakumo kabisa katika alama hizi. Mkazi wa kando ya Ziwa Victoria mwenye kichocho cha tumbo cha muda mrefu anaweza kutapika damu nyingi ini lake likiwa bado linafanya kazi, na jumla yake ikasoma 5. Huyo hupelekwa endoskopi haraka, mishipa ya umio inayovuja damu ifungwe.