Jaribio la pendulamu

Jaribio la pendulamu ni zoezi la fizikia ya sekondari la kupima mchapuko wa mvutano wa dunia (g) kwa gololi ya chuma iliyoning'inizwa kwa uzi. Christiaan Huygens, Mholanzi aliyeunda saa ya pendulamu mwaka 1656, alionyesha kwamba muda wa mbembeo mmoja hutegemea urefu wa uzi na g.

Uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 2. Hapo ndipo penye kazi: kidole kikichelewa sekunde 0.2 kubonyeza stopwochi, kosa ni asilimia 10, na kwenye g huongezeka maradufu kwa kuwa muda huo hupigwa kipeo cha pili. Mwanafunzi akihesabu mibembeo 20 kwa mpigo mmoja, uchelewaji uleule hugawanywa kwa 20, na kosa hushuka hadi asilimia 0.5.

Hila hiyo haiponyi kila kitu. Anayepima uzi hadi juu ya gololi badala ya katikati yake atarudia kosa lilelile hata akipima mara mia.

Jibu linalotarajiwa hutegemea pia mahali: karibu na ikweta, g ni takriban 9.78 m/s², na kwenye ncha za dunia ni 9.83.