Tikolo Aliitwa Tena Akiwa na Miaka 42, na Sisi Tukapiga Makofi

Wasee, niambieni ukweli. Nikitaja Steve Tikolo, wangapi wenu mnajua ni nani? Na msikimbilie Google kwanza. Mimi mwenyewe 2003 nilikuwa mtoto wa nepi, kwa hivyo haya yote nimeyajua kwa kutazama klipu za zamani na kusoma rekodi za mechi. Lakini kila nikisoma nazidi kukasirika, na leo nataka tukasirike pamoja.

Kama hujui kriketi, shika tu hili: mpigaji anasimama na gongo, anarushiwa mpira, na kazi yake ni kupata mikimbio mingi kabla hajatolewa. Akifika 50 anapigiwa makofi. Akifika 100 anainua gongo juu uwanja mzima umwone.

Sasa twende 1996, Kombe la Dunia la kwanza la Kenya. Februari 18, mjini Cuttack, tunacheza na India wakiwa kwao, na Sachin Tendulkar yuko upande wa pili. Tikolo ana miaka 24, na hii ndiyo mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja. Akapata 65. Tulishindwa, lakini huyo kijana hakuonekana kama mtu aliyeshtuka.

Siku 11 baadaye, mjini Pune, Kenya ikatolewa kwa mikimbio 166 pekee. West Indies, timu yenye Brian Lara, wakaingia kuifuata wakatolewa kwa 93. Tikolo alikuwa amepata 29, na siku kama hiyo 29 ni mali.

Halafu Machi 6, Kandy, Sri Lanka. Wenyeji walipiga 398, rekodi ya dunia wakati huo. Timu nyingi zingekata tamaa hapo hapo. Tikolo akapiga 96, akatolewa akiwa amebakisha 4 tu afike 100. Hao Sri Lanka ndio waliobeba kombe mwaka huo.

Mpaka hapo unaona njia inapanda tu, si ndio? Subiri.

Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya ICC Trophy, mashindano ya nchi ambazo bado zilikuwa zinabisha hodi kwa wakubwa. Kenya dhidi ya Bangladesh. Kenya ilipata 241, na kati ya hizo Tikolo peke yake alipiga 147. Hebu fikiria hiyo, mtu mmoja zaidi ya nusu ya timu! Kisha mvua ikanyesha, hesabu ikabadilishwa, Bangladesh wakapewa lengo la 166 kwa ova 25. Wakalifikia kwenye mpira wa mwisho kabisa. Siku ambayo gongo lake lilisema zaidi, alirudi nyumbani bila kombe.

Miaka 3 baadaye, mwaka wa 2000, Bangladesh wakakubaliwa kucheza Test, zile mechi za siku tano ambazo ndizo daraja la juu kabisa la mchezo huu. Sisemi fainali moja iliamua kila kitu. Bangladesh wana umati wa watu wanaoupenda mchezo huo kuliko chakula. Lakini hizi nchi mbili zilikuwa zimesimama mlango mmoja. Mmoja akaingia. Tikolo alimaliza maisha yake yote ya kriketi bila kucheza hata Test moja.

Na haikuwa kwa sababu Kenya ililala. 1998 tuliwapiga India kwao, Gwalior. 2001 tukawapiga tena, Afrika Kusini. Halafu ikaja 2003, Tikolo akiwa nahodha. Kuna mtu atakwambia tulifika nusu fainali kwa bahati, kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi na tukapewa pointi za bure. Ni kweli walikataa. Lakini Sri Lanka walikuja, na tuliwapiga Nairobi, mbele ya watu wetu. Tukapiga Canada. Tukapiga Bangladesh, hao hao. Tukapiga Zimbabwe kwa wiketi 7. Hizo pia ni za bure?

Machi 20, 2003, Durban, nusu fainali na India. Tulishindwa kwa mikimbio 91, na kati ya zile 179 zetu, 56 zilikuwa za nahodha. Hakuna nchi nyingine isiyocheza Test iliyowahi kufika nusu fainali ya hilo kombe, kabla yetu wala baada yetu.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inaanza. Ukishafika hapo, unajenga. Sisi tukabomoa. Wachezaji na viongozi wakavutana kuhusu malipo hadi mgomo. 2004 Maurice Odumbe, nahodha wa ile siku ya Pune, akafungiwa miaka 5 kwa kushirikiana na mtu wa kamari. 2005 chama chenyewe kikabadilishwa, kikaja Cricket Kenya. Miaka ambayo Tikolo alikuwa kwenye ubora wake, timu ilikuwa inashinda kwenye mikutano badala ya uwanjani.

Bado jamaa hakuacha. Mapema 2007 aliongoza Kenya kushinda mashindano ya daraja la kwanza la nchi zisizocheza Test, hapa hapa Nairobi. Akatupeleka Kombe la Dunia tena. Lakini 2011, kombe lake la tano, kila kitu kilikuwa kimeisha. New Zealand walitutoa kwa 69. Tulicheza mechi 6, tukapoteza zote 6. Alicheza ya mwisho Machi 20, 2011, Kolkata, miaka 8 kamili tangu Durban, tarehe ile ile. Waliotufunga siku hiyo kwa mikimbio 161 ni Zimbabwe, wale tuliowapita kwenda nusu fainali. Akastaafu.

Halafu 2013 akaitwa tena. Miaka 42! Na sisi tukapiga makofi, ati shujaa amerudi, damu haizeeki.

Mimi naona tofauti. Mzee akirudi shambani kulima, kijiji kinachofikiria kinauliza vijana wako wapi. Na ukitazama orodha za timu za zamani, jibu lilikuwa pale tangu mwanzo, tukiangalia tu majina. Tikolo: Steve na kaka zake Tom na David. Obuya: Kennedy Otieno, Collins na David. Suji: Martin na Tony. Odumbe: Maurice na Edward. Manze, hiyo karibu ni timu nzima kutoka nyumba nne! Tuliiita timu ya taifa, kumbe ilikuwa familia chache zenye vipaji, zilizolelewa karibu na vilabu vichache vya Nairobi. Hizo familia zilipozeeka, mchezo ukazeeka nazo. Ukienda shule nyingi za kaunti leo, hutapata hata gongo moja.

Januari 2014, kule New Zealand, Tikolo akiwa bado ndani ya timu, tulikosa nafasi ya Kombe la Dunia na hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja ikaenda. Aliondoka akiwa na mikimbio zaidi ya 3,400 katika hizo mechi. Baadaye akaenda kuwa kocha wa Uganda. Alikuwa ameshaondoka kule walipofuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024, kwa hivyo simpi sifa isiyo yake. Nasema tu kwamba jirani alimwita akafundishe.

Watu wakieleza maisha ya Tikolo wanasema alipanda akashuka. Mimi nimesoma namba zake na siioni hivyo. Alipiga 65 siku ya kwanza, 96, 147, 56 kwenye nusu fainali. Yeye alifanya kazi yake. Kilichoshuka ni kila kitu kilichokuwa chini ya miguu yake.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia mkongwe ameitwa kuokoa timu, iwe ya kriketi, ya mpira, hata kwaya ya mtaa, mpigie makofi, anastahili. Ukimaliza, uliza nani alipaswa kuwa pale badala yake, na nani hakumfundisha.