Kutoka Ubusoka hadi Mzumbe

Kabla ya Wajerumani kufika mwishoni mwa karne ya 19, Wanyakyusa wa uwanda wa Kyela, ambamo kata ya Bujonde imo, hawakuwa na mtawala mmoja. Walikuwa na machifu wadogo wengi, na kila malafyale (chifu) alijitegemea katika eneo lake. Lwembe, aliyetambikiwa Lubaga kwenye nchi ya juu, aliheshimiwa na wengi kwa mvua na rutuba; hata hivyo hakuwatawala machifu wengine.

Sababu kubwa ya wingi huo ilikuwa sherehe ya ubusoka. Kizazi kipya kilipokomaa, wana wawili wakubwa wa chifu walitolewa hadharani na nchi ikagawanywa baina yao. Mioto ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na watu wakachukua vijinga kutoka hapo kwenda kuwasha majumbani mwao. Wakati huo huo waliteuliwa mafumu, viongozi wa vijiji wasiotoka katika ukoo wa chifu. Hao chifu aliwaogopa, kwa kuwa iliaminika kwamba pumzi za watu waliomkasirikia zingeweza kumletea baridi na maradhi.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kati ya 1934 na 1938, waliueleza utaratibu huo kwa kirefu. Wapo watafiti wa baadaye waliouhoji, wakisema mambo hayakwenda kwa unyoofu kiasi hicho. Naona hoja yao ina uzito kuhusu mpangilio wa vizazi, lakini haiondoi jambo la msingi, kwamba chifu alikuwa na watu wa kumzuia.

Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, walikuta hali hiyo na ikawasumbua. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka kutawala kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu mamlaka ya kukusanya kodi na kuendesha mahakama. Kwa kazi hiyo serikali ilihitaji watu wachache wa kuwasiliana nao. Kyela wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rungwe, yenye makao Tukuyu. Machifu wachache wakatambuliwa, na wengine wakawekwa chini yao. Chifu aliyepokea mshahara wa serikali hakuwa tena na sababu kubwa ya kuwaogopa mafumu.

Ngazi ya taifa ilifuata njia hiyo hiyo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza walipoteuliwa mwaka 1945, wote walikuwa machifu: Kidaha Makwaia kutoka Usukuma na Abdiel Shangali wa Machame.

Kisha TANU, chama cha kudai uhuru, ikazaliwa mwaka 1954 na kuenea upesi. Gavana Edward Twining akaona machifu wakiunganishwa wangeweza kuipunguzia nguvu, na mwaka 1957 mkutano wa machifu wa nchi nzima ukafanyika Mzumbe, karibu na Morogoro. Mpango huo haukufaulu. Wapo wanaosema machifu wengi walikuwa wazalendo kimoyomoyo. Wengine husema walisoma alama za nyakati wakalinda nafasi zao. Yote mawili yana ukweli, ila mimi ningetanguliza sababu ya tatu, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1926: machifu hao walikaa mkutanoni kama watu wa serikali, na nyuma yao hapakuwa na watu mfano wa mafumu waliowatuma wala wa kuwauliza walichosema. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda kwa kishindo, na sauti ya Unyakyusa iliyovuma kitaifa ikawa ya mwanasiasa, John Mwakangale.

Baada ya uhuru, sheria iliyofuta mamlaka ya machifu ilianza kazi mwaka 1963. Wachache wao walipata nafasi nyingine. Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge. Huko Bujonde, ugomvi wa mipaka ya mashamba ya mpunga sasa huanzia kwa serikali ya kijiji, na diwani wa kata huchaguliwa kwa kura kwenda kuketi katika halmashauri ya wilaya, Kyela mjini.