Mashetani, Malaika na Wenye Kubandwa: Juu ya Majina ya Roho katika Ngara na Biharamulo

William Mkufya alipoitoa riwaya yake Ziraili na Zirani mjini Dar es Salaam mwaka 1999, wasomaji walipata kitabu cha namna iliyokuwa adimu katika Kiswahili: hadithi ya giza ambamo malaika na mashetani, mbingu na jahanamu, wamekabiliana, na kuwapo kwa Mungu kwaulizwa bila kificho. Hapana shaka kazi hiyo ni ya ujasiri. Hapana shaka vilevile kwamba imelemewa na maneno. Mara nyingi hoja moja huvikwa kanzu tatu, na msomaji huchoka kabla ya mashetani kuchoka kunena.

Lakini lililo kubwa zaidi ya mtindo ni majina yenyewe, na yale yaliyoyakuta yalipofika bara. Malaika, shetani, jini, jahanamu na Ziraili mtoa roho ni maneno yaliyopokewa kutoka Kiarabu. Pepo ni la Kibantu, nalo lina ajabu yake: laweza kuwa kiumbe ampandaye mgonjwa, na laweza kuwa makao ya heri ya waliokufa. Mtu wa pwani hatatizwi na jambo hilo.

Wahangaza wa Bugufi, ambao lugha yao ni jirani sana ya Kirundi, walimjua Imana, muumba wa vyote, ambaye hakuwa na ibada ya kawaida. Shida za kila siku zilipelekwa kwa Kiranga, anayeitwa Ryangombe katika Rwanda. Upande wa Biharamulo, kuelekea ziwani, Wazinza, kama jirani zao Wahaya, waliwaheshimu Wacwezi, miongoni mwao Mugasa wa maji na Irungu wa pori. Roho hao walimpanda mtu aliyekwisha kuingizwa katika chama chao, naye akasema kwa sauti yao. Huko ndiko kubandwa. Hawakuwa wema daima wala waovu daima. Mwenye kuamuru maji aliweza kumpa mvuvi samaki, na aliweza kumletea dhoruba.

Hata hukumu ya wafu ilikuwa na kipimo kingine. Wanyarwanda walisimulia kwamba wafuasi wa Ryangombe hukaa naye kwa raha juu ya mlima Karisimbi, na wasioingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Kilichowatenga si dhambi, bali ni kuingizwa au kutoingizwa.

Wamisionari, Mapadre Weupe na baadaye Waanglikana waliokaa Katoke na Murgwanza, iliwalazimu kuchagua maneno. Katika Rwanda Mapadre Weupe waliliogopa kwanza jina la Imana, wakatumia Mungu la Kiswahili, baadaye wakalikubali. Ryangombe na Kiranga hawakupata msamaha huo. Waliwekwa pamoja na shetani, na kubandwa kukawa dhambi ambayo mwongofu alitakiwa kuiacha. Mwamko wa dini ulioanzia Gahini katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka hata Tanganyika, ulizidi kulikaza neno hilo. Kwa upande wa malaika hapakuwa na roho wa kienyeji aliyefaa, kwa hiyo neno lenyewe liliazimwa. Kirundi na Kinyarwanda vinalo mpaka leo. Hivyo mfasiri, kwa kalamu tu, aliwagawa katika makundi mawili roho ambao wenyeji hawakuwa wamewagawa.

Mwandishi wa riwaya arithiye msamiati huo hurithi pia mgawanyo wake. Mkufya aupindua, awatilia shaka walio juu na kuwapa hoja walio chini, lakini ngazi yenyewe aiacha mahali pake. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), alijaribu njia nyingine, ngumu zaidi, yenye maneno machache.

Ngara ililiona giza miaka 5 kabla ya Ziraili na Zirani kutoka. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani humo. Mto Kagera ulichukua maiti ukazifikisha ziwani, katika maji ambayo zamani yalikuwa ya Mugasa. Waliouawa waliuawa na binadamu wenzao, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa.